Filamu za Kutisha za Siku Hizi: Namna ya Kuzitazama Dodoma Zikatisha Kweli

Wengi wanaolalamika kwamba filamu za kutisha za siku hizi hazitishi walizitazama sebuleni taa ikiwaka, tena nakala iliyotafsiriwa na dijei, huku besi ya sabufa imefunguliwa mpaka mwisho. Kwa hali hiyo hata filamu iwe nzuri vipi haifui dafu. Zile tulizokua nazo kwenye vibanda umiza zilitisha kwa jini lenyewe: meno, damu, macho mekundu, muziki wa kishindo. Hizi za kuanzia miaka ya 2010 hivi, zile nzuri, zinatisha kwa kitu kilichojificha kwenye kona ya picha na kwa kimya kinachotangulia. Ukipoteza giza na kimya, umebaki na watu wanaotembea ndani ya nyumba kwa muda wa saa mbili.

Kwa hiyo kazi ya mwandaaji, awe Nkuhungu, Kisasa au kwenye chumba cha kupanga karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ni kulinda vitu hivyo viwili. Mengine yote ni nyongeza.

Nakala iliyotafsiriwa iache kwa filamu nyingine

Dijei anayesimulia filamu kwa Kiswahili ni fundi, na kwa filamu ya mapigano au ya Kihindi anaongeza raha. Ila kazi yake ni kujaza kimya. Chukua A Quiet Place ya mwaka 2018: familia inaishi kwa lugha ya ishara kwa sababu viumbe vinavyowawinda vinafuata sauti. Mtu akianza kusimulia juu ya kimya hicho, filamu yenyewe haipo tena.

Kama miongoni mwa wageni wako wapo wasiosikia Kiingereza vizuri, njia ni mbili. Ya kwanza, chagua filamu yenye maneno machache. Ya pili, kabla ya kuanza, simama mbele useme kwa dakika mbili nani ni nani na wako wapi, bila kugusa kinachotokea. Maandishi ya chini ya Kiingereza nayo husaidia sana, kwani wengi wanasoma Kiingereza kuliko wanavyokisikia kikitamkwa kwa lafudhi ya Kimarekani. Yakitangulia au kuchelewa kwenye VLC, ile programu ya kuchezesha filamu kwenye kompyuta, bonyeza G kuyawahisha na H kuyachelewesha. Kila mbonyezo ni milisekunde 50.

Kuchagua filamu

Usichague kwa trela. Trela za filamu za kutisha zina ugonjwa wa kumwaga matukio yote makubwa ndani ya dakika mbili, na aliyeiona anakaa akisubiri tu yafike. Badala yake tazama dakika ishirini za mwanzo peke yako. Ukikuta mishtuko mitatu ya uongo, paka anaruka, rafiki anamshika mtu bega, mlango unajibamiza, na kila mara kishindo cha muziki juu yake, hiyo itupe. Mtengenezaji hana kitu kingine mfukoni.

Kinachochosha pia siku hizi ni jini ambalo mwishowe linageuka kuwa msiba wa familia. The Babadook ya Jennifer Kent kutoka Australia (2014) ilifanya hivyo kwa ustadi, mama mjane na mtoto wake wakipambana na kitu kilichotoka kwenye kitabu. Waigaji waliofuata wamelifanya kuwa fomula, na ukishajua fomula unajua mwisho kabla bisi hazijapoa.

Hizi zifuatazo zinafaa kwa hadhira ya hapa, kila moja kwa sababu yake.

Get Out ya Jordan Peele (2017) ndiyo ya kuanzia kwa watu wasiozipenda filamu hizi. Ina dakika 104, inaeleweka, inachekesha pale inapotakiwa, na ilipata Oscar ya mswada asilia. Mtazamaji wa Kiswahili ana upendeleo wake humu: wimbo wa mwanzo, Sikiliza Kwa Wahenga uliotungwa na Michael Abels, umeimbwa kwa Kiswahili, na unamwonya mhusika. Hadhira ya Marekani ilisikia sauti tu za kunong'ona. Wewe unasikia onyo kabla ya mhusika mwenyewe. Basi usiruke dakika za mwanzo, na usiruhusu watu wawe bado wanatafuta viti.

His House (2020) inawahusu mume na mke waliokimbia Sudan Kusini wakapewa nyumba Uingereza, na kitu kikawafuata. Ina dakika 93. Wageni wanaoona mizimu ya Ulaya kuwa michezo ya kuigiza huwa hawacheki kwenye hii, kwa sababu mantiki yake ya deni na laana wanaifahamu.

Hereditary ya Ari Aster (2018) ni dakika 127 na ndiyo nzito kuliko zote hapa. Inaanza na kifo cha bibi na haipandi juu tangu hapo. Usimwekee mtu ambaye arobaini haijaisha nyumbani kwao. Mtoto Charlie ana tabia ya kugonga ulimi kaakaani, sauti ndogo tu, "klok". Sauti hiyo hurudi baadaye, na kama sebule ina makelele itawapita wote. Kuna pia mahali mtu amejibana juu ukutani kwenye giza, na filamu haikuoneshi kwa kidole. Runinga yenye mpangilio mbaya inamfuta kabisa.

Midsommar, ya Aster huyohuyo (2019), ni kinyume chake: karibu yote iko mchana kweupe, kwenye kijiji cha Sweden. Ndiyo pekee kati ya hizi inayovumilia projekta dhaifu au chumba kisichofungika vizuri. Lakini ni dakika 148 na ina uchi usiofichwa. Usiitazame na wakwe.

It Follows (2014) inahitaji kioo kikubwa. Hofu yake ni mtu anayetembea taratibu kwa mbali nyuma ya wahusika, na kwenye simu haonekani. Kwa vijana wa chuo, Talk to Me ya Australia, dakika 95, inashika haraka. Kwa uani na watu wengi, Train to Busan ya Korea Kusini (2016): maiti hai ndani ya treni, matendo mengi, na hata asiyesoma maandishi anafuata.

Paranormal Activity, iliyotengenezwa kwa dola 15,000 hivi, na Host ya mwaka 2020 yenye dakika 57 tu, zitazame kwenye kompyuta ukiwa na hedifoni. Ya pili yote ni simu ya video ya marafiki. Kwenye ukuta wa mita mbili inapoteza maana.

Picha: giza liwe jeusi, lisiwe kijivu

Nakala ya megabaiti 700 haifai. Filamu ikibanwa hivyo, wa kwanza kuumia ni giza: ukuta wa usiku unagawanyika vipandevipande vinavyochezacheza, na jicho linafuata vipande badala ya kumtafuta aliyejificha. Kwa filamu ya saa mbili tafuta gigabaiti 3 kwenda juu. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo ipange upya kwa exFAT au NTFS kwanza, uhakikishe runinga inaisoma. Ukipakua Netflix, picha bora hula data nyingi kuliko ya kawaida, kwa hiyo pakua siku moja kabla. Kutiririsha moja kwa moja ni kuomba picha igande pale mlango unapofunguka.

Kwenye runinga ingia sehemu ya picha, toa Vivid au Dynamic, weka Movie au Cinema. Zima kitu kinacholainisha mwendo, maana kinafanya filamu ionekane kama tamthilia ya saa mbili usiku. Zima pia kipimo cha mwanga cha kuokoa umeme, kwani kinafifisha picha ukishazima taa. Kisha funga chumba. Taa ya nje ya usalama ya jirani ndiyo adui mkubwa mitaa mingi ya Dodoma: pazia jepesi haliizuii, tundika blanketi zito juu ya pazia. Taa nyekundu ya ekstensheni na ya king'amuzi zifunike kwa kipande cha gundi nyeusi ya mafundi umeme.

Runinga ya inchi 43 inatosha watu sita hadi wanane, wakikaa mita moja na nusu mpaka mbili na nusu. Wakizidi hapo, wa nyuma wanaanza kupiga soga.

Sauti

Hapa ndipo usiku mwingi unaharibika, na kosa lina sura moja. Maneno yanasikika kwa chini, mtu anaongeza sauti, kishindo cha kwanza kinakuja, mtoto wa chumba cha pili anaamka, mtu anapunguza. Kuanzia hapo rimoti haitulii.

Sababu ni kwamba filamu nyingi zina sauti ya njia sita, na maneno yamewekwa kwenye njia ya katikati. Sabufa ya spika mbili haina katikati. Kifaa kisipochanganya njia hizo vizuri, unapata muziki na vishindo huku watu wakinong'ona kwa mbali. Kwenye runinga au deki, sehemu ya sauti, weka Stereo au PCM. Kwenye VLC fungua menyu ya sauti, uchague hali ya stereo. Ukiweka faili kwenye runinga kwa flashi na sauti isitoke kabisa, mara nyingi sauti yake imehifadhiwa kwa mfumo wa DTS na runinga haiufahamu. Ichezeshe kwa kompyuta na waya wa HDMI.

Kisha pima kwa tukio lenye kelele kuliko yote, si kwa maongezi. Litafute mapema, lichezeshe, pandisha sauti mpaka ikuguse kifuani bila spika kukwaruza, halafu acha hapo. Maongezi yatakuwa chini kidogo, na ndivyo ilivyokusudiwa: watu wanajisogeza mbele kusikiliza, na hapo ndipo wanaposhikwa. Kama runinga ina kitu cha kusawazisha sauti za usiku, kizime, kwani kinapandisha kimya na kushusha kishindo mpaka vyote vikalingana.

Besi iweke theluthi moja ya kitufe. Ikizidi inameza maneno, na kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, bati lenyewe linaanza kulia. Boksi la besi lisikae kwenye kona. Lisogeze nusu mita kutoka kila ukuta. Spika ndogo zikae usawa wa masikio ya aliyeketi. Kama watu wako kwenye mkeka, zishushe kwenye stuli, zisibaki juu ya kabati.

Usitumie Bluetooth. Sauti hufika imechelewa, na kwa filamu ya kutisha hilo ni balaa: uso umeshatokea na kuondoka ndipo kishindo kinalia. Nunua waya wa AUX wa mita tano. Ukibanwa huna jinsi, kwenye VLC bonyeza J mpaka midomo ilingane na maneno.

Jambo moja la msimu: kati ya Desemba na Aprili, filamu za kimya kama A Quiet Place zisahau kwenye nyumba ya bati tupu. Mvua ikianza, hata kumsikia aliye kando yako ni shida.

Uani, na projekta

Uani ni pa filamu zenye kelele na watu kumi na tano kwenda juu. Filamu za kimya zibaki ndani. Mbwa wa mtaa na bodaboda hazikuulizi.

Projekta za bei ndogo huandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) 9,000 kwenye boksi. Namba hiyo ipuuze, tafuta iliyoandikwa ANSI, yaani iliyopimwa kwa kiwango maalumu. Kwa picha yenye upana wa mita mbili kwenye giza kamili, lumeni 500 za ANSI zinakubalika na 1,000 ni raha. Projekta nyingi za kawaida zinahitaji mita 2.4 hadi 3 kutoa picha ya upana huo. Ukuta mweupe uliopigwa rangi isiyong'aa unashinda shuka. Kama ni shuka, likunje mara mbili na nyuma yake uweke blanketi jeusi, la sivyo mwanga unapenya na giza la filamu linakuwa maziwa.

Upepo wa Dodoma si wa kuchezea, hasa kiangazi, na mara nyingi unatoka mashariki. Tundika kitambaa upande wa magharibi wa nyumba, nyumba ikukinge. Pindo la juu lipitishe kamba ya manila. La chini lipitishe bomba la maji la PVC lenye urefu wa kitambaa, ulijaze mchanga na kuziba ncha zote mbili. Bila uzito huo kitambaa kinageuka tanga na nyuso za waigizaji zinapanuka na kusinyaa. Watu watacheka, na kicheko kikishaanza kwenye filamu ya kutisha hakirudi nyuma. Upande huo wa magharibi una gharama yake: kitambaa kinatazama mwanga wa machweo. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo usianze kabla ya saa 1:30 usiku.

Vumbi jekundu linaingia kwenye projekta kupitia feni. Mwaga maji uani saa kumi na moja, ili pakauke kiasi kabla watu hawajafika, na weka projekta juu ya meza, kamwe isikae chini. Mvua za kwanza zikishanyesha, kumbikumbi watakuja kwenye mwanga wake na kila mmoja ataonekana ukubwa wa kunguru kwenye kitambaa. Washa taa kali nyuma ya nyumba nusu saa kabla, wavutwe huko. Wakiwa wengi mno, ahirisha.

Juni na Julai usiku hushuka mpaka nyuzi 14 hivi, na kwenye uwanja wazi unasikika zaidi. Waambie wageni waje na mashuka.

Umeme: projekta ya wati 100, sabufa na kompyuta kwa pamoja ni wati 200 hivi. Betri la sola la 12V lenye Ah 100, ukilitumia nusu tu ili lisife na ukatoe kinachopotea kwenye inveta, linakupa saa mbili na nusu. Filamu moja, basi. Unganisha tangu mwanzo, usisubiri umeme ukatike.

Watu

Karanga za maganda ni marufuku. Bisi zitoke kabla ya filamu, kwenye bakuli, ziishe. Wakati wa filamu toa ubuyu au zabibu. Havina sauti, na zabibu hapa si za kutafuta kwa tochi. Simu zizimwe mwanga, si mlio peke yake. Mtu mmoja akichati, uso wake wa bluu ndio unaoangaliwa na chumba kizima.

Yule aliyekwisha kuiona na hawezi kunyamaza mpe kazi ya kushika rimoti. Akiwa na jukumu hutulia. Ukiwa na mtu mzima anayeheshimika, baba mdogo au shangazi, mwombe kabla: "Shangazi, hii ina mapepo mwisho, utaniwia radhi." Wapo wanaozichukulia hizo si hadithi, na ni bora wajue mapema kuliko kuinuka katikati na kuanza kukemea. Mwenye kifafa aulizwe pia, kwani filamu hizi hupenda taa za kumetameta. Watoto walale kweli, wasichungulie dirishani. Mtoto wa miaka saba aliyeona dakika mbili za Hereditary atakaa na wewe kitandani mwezi mzima.

Kwa uani mwambie balozi na majirani siku mbili kabla, uwatajie saa ya kumaliza. Haya yote ni kwa mkusanyiko wa nyumbani usio na kiingilio. Ukianza kutoza, unaingia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na vibali ni vya Bodi ya Filamu. Haki ya mwenye filamu nayo ni jambo jingine, na akaunti ya Netflix ya nyumbani haikupi ruhusa hiyo.

Filamu mbili usiku mmoja

Fanya hivyo ndani tu. Uani moja inatosha, maana ya pili ingepiga kelele saa tano usiku. Anza na nzito, akili zikiwa bado macho: Hereditary saa 1:30 inaisha kama saa 3:40. Washa taa, watu wajinyooshe, chai ya tangawizi, wabishane kuhusu mwisho. Saa 4 kamili weka nyepesi na ya haraka, Talk to Me, inaisha saa 5:35. Ukizigeuza, ile ya pole pole itatazamwa na watu wawili na wengine watakoroma juu ya kimya ulichokihangaikia siku nzima. Wanaorudi mbali, Ihumwa au Nzuguni, wapangie usafiri kabla ya filamu ya pili, kwa sababu baada yake hakuna atakayekubali kusimama kituoni peke yake.